Mwanzi Huanza na Majani

Lina mwanangu,

Sasa hivi umetoka kumwagilia kitalu. Hukujua kwamba nakuona. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko nachambua mchele wa safari yako. Umeweka ndoo chini, ukachuchumaa, ukakishika kile kipande cha mwanzi cha mwisho kule pembeni, kile kilichotoa majani kabla ya wenzake. Umekishika kama mtu anayetaka kukivuta. Nikasema moyoni, ngoja nimwone huyu. Ukageuza shingo ukatazama nyumbani, ukakirudia, halafu ukakiachia. Ukapigapiga mchanga kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Ukachukua ndoo yako ukaondoka.

Basi nimeuacha mchele na mawe yake. Nimechana karatasi kwenye daftari la mdogo wako Yusta, atanigombeza baadaye, na nimekaa kwenye kigoda nikuandikie jua likiwa bado lipo.

Mchana umeniambia, "Mama, si niende wiki ijayo tu? Nione kwanza kama mianzi imetoa mizizi." Nikakujibu hapana, treni ni ya kesho. Nilikujibu kwa ukali, tena nimekupa mgongo. Ukaingia ndani. Begi lako liko wazi juu ya kitanda tangu jana, ndani hakuna hata soksi. Nimepita pale mara nyingi nikilitazama, na nikajua kwamba hapa shida si mianzi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kuficha hela, wala za kuamkia wakubwa. Hayo bibi yako amekuimbia wiki nzima mpaka kuku wa hapa nyumbani wameyakariri. Mimi nataka nikueleze kwa nini nimesema hapana. Nikisema kwa mdomo nitalia, na nikilia wewe hutapanda treni, nakujua. Kwa kalamu naweza kujikaza. Darasa la saba langu unalijua, mwandiko wangu ukianza chini unamaliza juu, lakini wewe umezoea kuusoma.

Unakumbuka tulivyoanza? Tulikuwa tunasuka matenga ya kuku, mimi na wewe, ya wale wanaopeleka kuku stesheni. Fito tulikuwa tunazitoa kichakani. Mwanzoni zilikuwa hapo hapo nyuma ya kaburi la babu, baadaye mbali, baadaye mbali zaidi, mpaka siku ile tulipokutana na wale askari wa misitu na wewe ukatupa panga ukakimbia ukiniacha mimi na mzigo kichwani. Bado nakucheka kwa hiyo siku. Ndipo nikaiona mianzi ile ya njano nyuma ya tangi la zamani, kwenye nyumba za reli. Miaka yote napita pale sijawahi kuitazama. Tangi linavuja, mianzi inakunywa, haina habari na kiangazi cha Itigi. Nikaenda kwa yule mzee mlinzi nikamwamkia, nikamwomba vipande. Akasema, "Kata, mama, lakini usiniachie visiki kama meno mabovu."

Nikakata kama mtu anayekata muhogo. Nikachomeka ardhini. Ikakauka yote. Bibi yako akaja, ameshika kiuno, akasema mti usioota unataka asali. "Asali inaponya kidonda, inaponya kikohozi, imeponya mguu wa babu yenu. Itashindwa na kijiti?" Na sisi watu wa Itigi ukitutajia asali tumekwisha. Nikachukua chupa nzima ya baba yako, nikachovya vipande kimoja kimoja. Asubuhi sisimizi wamejipanga kutoka kitaluni mpaka barabarani. Kuku wakaona sisimizi. Wakaingia na vifaranga vyao, wakachakura kitalu chote, wakaacha shimo la kulalia mbwa. Baba yako alivyotoka porini kwenye mizinga yake na kukuta vile, alicheka mpaka akakaa chini. "Mke wangu, umewapikia sisimizi harusi, na kuku wamekuja na kadi." Mpaka leo akitaka kuniudhi ananiuliza harusi ya pili ni lini.

Halafu ndio nikaipata ile dawa ya mizizi, ya unga, kwenye duka la pembejeo. Muuzaji aliniambia vizuri kabisa: kidogo sana, ncha ya kijiko kwenye maji mengi. Nilimsikia. Lakini mama yako ni mtu wa kuongeza, Lina. Chumvi naongeza, maji ya ugali naongeza, dawa ya kikohozi yenu nilikuwa naongeza mpaka nesi akanipokonya kijiko. Nikaona ncha ya kijiko ni uchoyo. Nikatia kijiko kizima, nikasema hivi ninavyoipenda, lazima iote. Vile vipande vikawa vyeusi kuanzia kwenye vifundo, vikaoza, vikanuka.

Yule bibi shamba, afisa kilimo wa kata, akaja na pikipiki yake, akavitazama, akaniuliza nimetia kiasi gani. Nikamwonyesha kijiko. Hakunicheka. Akasema, "Mama Lina, hii dawa kazi yake ni kuushtua mti ukumbuke kwamba unaweza kutoa mzizi. Ukiushtua sana, unazimia." Halafu akavua koti lake la pikipiki akakaa na sisi mchangani mpaka jioni. Wewe ulikuwepo, wewe ndiye ulikuwa unashika. Akatuonyesha kuchagua mwanzi usio mtoto wala mzee. Kukata kipande chenye vifundo viwili, na lile jicho dogo kwenye kifundo lisiguswe hata kwa ukucha. Kutoboa pingili katikati kwa msumari wa moto, kumimina ile dawa ndani, kuziba tundu, kulaza kipande kwenye mchanga tundu likitazama juu, kufukia kidogo, kufunika na nyasi jua lisiunguze.

Tukaziba kwa udongo, udongo ukakauka ukapasuka. Baba yako alikuwa amesimama tu pale kama mkaguzi. Akaenda ndani akarudi na donge la nta. Akaliyeyusha, akaziba tundu la kwanza kwa kidole gumba. Halikutoa hata tone. Akamgeukia bibi yako, "Mama, si ulisema nyuki wamo kwenye hii habari?" Bibi yako akajibu, "Nilisema. Nyinyi mlichukua asali mkaiacha nta." Usiku ule tulikula tukicheka.

Sasa ndio nakuja kwenye lile nililotaka kukuambia.

Majani yalitoka. Unakumbuka nilivyopiga kelele? Mbichi, laini, yamejikunja kama karatasi ya ubani. Nikamwita Mama Zuhura wa jirani, akaja na unga mikononi. "Hongera mwenzangu, umekuwa bwana misitu mzima." Nikamwambia achague vyake viwili palepale. Akaenda kuvipanda kwenye maji ya bafu lake, tena kwa mbolea na kivuli. Vikafa. Na hivi vilivyobaki nikaanza kuvichungulia. Kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla sijavua hata kitenge, nang'oa kimoja, natazama chini, hakuna kitu, nakirudisha, nashindilia. Jumapili nyingine nang'oa kingine. Nilikuwa nakuambia, "Nakagua tu." Majani yakaanza kusinyaa. Nikaongeza maji. Yakasinyaa zaidi.

Bibi shamba alipopita tena nikamlalamikia dawa. Akachimba kimoja pole pole kwa vidole, akakigeuza, akaniita nisogee. Pale kwenye kifundo palikuwa na kitu cheupe, chembamba kama uzi wa kushonea, kimekatika. Akasema, "Huu ulikuwa mzizi, mama. Umeukata wewe, siku uliyokuja kuutafuta."

Nikamuuliza, sasa yale majani yalitoka wapi kama mzizi hakuna? Akasema mwanzi huanza na majani. Majani yanatoka kwenye akiba iliyomo ndani ya kile kipande, kiliyopewa na mama yake kabla hakijakatwa. Kinakula akiba huku kinatafuta mizizi. Ukifika katikati hapo ukakisumbua, akiba imeisha na mzizi haupo.

Aliondoka nikabaki nimekaa mchangani. Wewe ukaja ukaniuliza, "Mama, kwani mianzi ndio ya kuliliwa hivyo?" Nikakujibu macho yameingia vumbi. Sikuwa nalilia mianzi. Nilikuwa nakumbuka ile shule ya bweni.

Ulikuwa mdogo, kidato cha kwanza, sare inakupwaya. Tulikusindikiza sote, ukacheka, ukapunga mkono, ukapiga picha na wenzako. Tukarudi nikimwambia baba yako, umeona, mtoto amezoea siku hiyo hiyo. Halafu ukanipigia kwa simu ya matroni, "Mama, nataka nyumbani." Nikaja na maandazi. Ulilia nikiondoka, nikaja tena kabla hata maandazi hayajaisha. Nikaja tena. Matroni akanivuta pembeni akaniambia, "Dada, huyu analia siku ukija. Wiki usiyokuja anaruka kamba na wenzake." Unajua nilimwona vipi? Nilisema moyoni, huyu mwanamke hajui uchungu. Safari iliyofuata nilikuja na kamba ya kufungia sanduku.

Kwenye basi ulilala juu ya paja langu njia nzima, na mimi nilikuwa na furaha, Lina. Nilijiona nimeokoa mtoto.

Wala hukuharibikiwa. Umesoma hapa hapa shule ya kutwa, umefaulu, umeijua mitaa yote, umetengeneza taa za nusu ya majirani zetu mpaka chuo cha umeme kikakuita. Sijuti kwamba ulikuwa nyumbani, miaka hiyo nimeifaidi. Ila kuna neno lilirudi na wewe kwenye lile sanduku. Shangazi alipotaka ukae kwake likizo ulisema, "Mimi siwezi kukaa mbali." Wenzako walipokwenda mashindano Singida mjini, ukasema hivyo hivyo. Na juzi ukimtania Yusta umesema, "Mimi nikivuka reli tu, homa." Watu wote wakacheka. Mimi niliinamia sufuria.

Hilo neno si lako, mwanangu. Hukuzaliwa nalo. Wewe ulipelekwa mbali, ukaanza kushika, na mimi nikaja kukuvuta nione kama umeshika. Kila nilipovuta nikakuta hujashika, nikasema unaona, hawezi. Na wewe ukanisadiki, kwa sababu mimi ni mama yako.

Ndio maana mchana nilikupa mgongo. Ungeniona usoni ungejua kwamba nusu yangu ilitaka kusema, haya, nenda wiki ijayo. Na wiki ijayo ningesema nyingine.

Sasa ngoja nikuambie ya kwangu, ambayo baba yako anaijua nusu. Mimi nilipoletwa hapa Itigi kutoka Mungaa nilikuwa nimekuzidi wewe kidogo tu, na wewe ulikuwa umeshaanza kunitapisha asubuhi. Sikumjua mtu. Maji yalikuwa na ladha ya msumari. Treni ikipita vyombo vinatetemeka kabatini, nikawa nadhani nyumba inaanguka, na bibi yako wakati huo hakuwa huyu wa kucheka, alikuwa ananitazama kama mzigo ulioshushwa stesheni si yake. Nilikuwa nalilia chooni ili nisisikike. Siku moja nikampata mchuuzi wa kuku anayekwenda kwetu, nikamwambia, mwambie mama nataka kurudi, aje anichukue.

Nikawa nasubiri. Kila gari likisikika ninatoka mlangoni.

Yule mchuuzi akarudi peke yake. Akanipa kifurushi, ndani kuna mlenda wa kukausha, mwingi, umefungwa kwenye kipande cha kanga yake. Nikamuuliza, mama amesemaje? Akasema, "Amesema, nimesikia." Nikasubiri aendelee. Nikamuuliza, na nini tena? Akasema hicho tu, "Mwambie nimesikia." Lina, nilimkasirikia mama yangu kama sijawahi kumkasirikia mtu. Nimesikia? Ndio nini? Nikapika ule mlenda kwa hasira, nikaukoroga kama nagombana nao, nikatenga. Bibi yako akaonja tonge la kwanza, la pili, akaniangalia. "Nani amekufundisha kupika hivi?" Nikasema mama. Akasema, "Hebu niambie habari za huyo mama yako." Hiyo ndiyo siku ya kwanza tulizungumza mpaka taa ikaisha mafuta.

Ulipozaliwa mama alikuja. Nilikuwa bado nimeliweka moyoni, nikamuuliza mbele yako ukiwa na siku chache, mama, kwa nini hukuja? Alikuwa anakuosha. Hakuacha kukuosha. Akasema, "Ningekuja ungepanda gari na mimi." Halafu baadaye kabisa, nimeshasahau kama nilimuuliza, akasema, "Mwezi ule wote nililala karibu na mlango. Nikasema akija mwenyewe usiku, nisichelewe kumfungulia."

Sasa wewe unakwenda Morogoro, kwenye hicho chuo. Utafika, utavaa ovaroli la chuo, utatuma picha, na huku sisi tutapiga vigelegele, Mama Zuhura ataniita mama wa injinia. Hayo ni majani. Halafu wiki fulani itakuja, hujui itakujaje, labda kwa harufu ya chakula tu au mtu amekucheka unavyotamka maneno, utajiona huna kitu chini yako. Utasema, basi zile picha zilikuwa uongo. Hazikuwa uongo. Majani hayadanganyi, yanatumia kile tulichokuwekea. Wewe kaa. Usijichimbe kila asubuhi kutazama kama umeshazoea.

Lakini unisikie vizuri hapa, nisije nikawa nimeongeza na hii dawa. Ukiumwa, au mtu akikufanyia ubaya wowote, au ukaona kitu kinachokutisha, usikae hata siku moja ukisema mama alisema nikae. Piga simu, nitakuja hata kwa treni ya mizigo. Na ukimaliza muda wa kutosha, ukajiangalia mwenyewe kwa utulivu, ukaona kweli hapa si pangu, rudi na begi lako mchana kweupe. Nitakupikia. Ile mianzi ya kwanza ilikufa, tukakata mingine, na lile shina nyuma ya tangi halikutusema.

Kitalu hiki cha sasa tumekipanda wewe na mimi, dawa umepima wewe, ncha ya kijiko, nta umeziba wewe. Hakuna aliyekigusa, labda wewe jioni hii, na umekiachia. Sijui kama kuna mizizi chini. Kweli sijui. Natamani kujua kuliko wewe. Bibi shamba anasema tutajua siku tukiona majani mapya juu ya majani, hiyo ndiyo dalili, wala si kwa kufukua. Nitakuwa namwagilia. Yusta nimeshamwambia atakayevuta atasuka matenga peke yake mpaka Krismasi.

Baba yako amerudi kutoka stesheni, amekufungia asali kwenye kopo, mfuko juu ya mfuko juu ya mfuko, kama anasafirisha mtoto mchanga. Anasema uwape walimu. Mimi nasema ule mwenyewe ukikohoa. Ila usiipake kwenye mti. Hajui kwamba nakuandikia, ameniuliza naandika nini, nimemwambia nakuandikia jinsi ya kupika mlenda. Si uongo sana.

Jua limefika kwenye paa la Mama Zuhura, naandika bila kuona vizuri mistari. Nitaiweka hii chini ya kopo la asali, uikute ukiwa umeshapita stesheni ya kwanza, usiwe na pa kushukia.

Nakusikia unaniita.

"Mama! Mama wewe! Njoo ulikalie hili begi, zipu imegoma!"

Begi. Nimeinua kalamu nisikilize tena. Na Yusta anacheka huko ndani, anasema umetia mpaka nyundo. Nawe unamjibu, nyundo ya nani nitaazima huko, tupishe. Nyundo, Lina. Asubuhi hapakuwa na soksi.

"Mama, unakuja au hauji?"

Nakuja, mwanangu, nakuja, nimalizie hili moja tu. Siku utakayopiga simu unalia, kile kilio cha kawaida, cha mtu aliyekumbuka kwao, sitapanda treni. Nitakaa hapa hapa mlangoni, simu sikioni, nikusikilize mpaka umalize, nisikukate, halafu nitakuambia lile neno la mama yangu: nimesikia.